Ala za Ngozi za Rivolva za Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa yule aliyerithi ala ya bastola kutoka kwa babu, aliyeinunua mnadani, au anayetunza mkusanyiko mdogo wa makumbusho na anataka kujua ilitengenezwa na nani, lini, na kwa bastola gani. Mifano mingi ni ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko ufundi huu ulikostawi na ndiko kumbukumbu zake zilikohifadhiwa. Ala za Uingereza na himaya yake nazo zimepewa nafasi, maana hizo ndizo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kukutana nazo kwenye sanduku la nyumbani.

Nianzie wapi?

Anza na umbo la ala yenyewe, kabla ya kutafuta muhuri na kabla ya kusikiliza hadithi ya muuzaji. Ngozi iliyobeba chuma kwa miaka mingi huchukua sura ya chuma hicho. Mulika ndani kwa tochi. Utaona uvimbe mahali silinda ilipokaa, mfereji mwembamba uliochimbwa na kilengeo cha mbele cha mtutu, na pengine alama ya nyundo kwenye ngozi ya upande wa mwili. Kisha pima kwa inchi, maana mafundi wa Marekani na Uingereza walikata ngozi kwa inchi: kwanza kutoka pale pete ya kifyatulio inapoketi hadi mdomo wa chini wa ala, halafu upana wa sehemu ya silinda.

Vipimo hivyo huondoa majibu mengi yasiyowezekana. Colt Single Action Army, iliyotoka 1873, iliuzwa zaidi kwa mitutu ya inchi 4¾, 5½ na 7½. Colt Navy ya 1851 ina mtutu wa pembe nane wa inchi 7½, na pembe hizo wakati mwingine huonekana ndani ya ngozi. Webley Mark VI, iliyoingia jeshi la Uingereza mwaka 1915, ina mtutu wa inchi 6, na Enfield No. 2 ya 1932 ina wa inchi 5.

Bastola ndiyo inayoweka mpaka wa chini wa umri. Ala iliyofinyangwa kufuata Colt Python haiwezi kuwa ya kabla ya 1955, mwaka bastola hiyo ilipotoka, hata ikiwa imechakaa kiasi gani. Ukikuta imeandikwa namba ya modeli ya Smith & Wesson, mfano Model 19, jua ni ya 1957 au baadaye, kwa kuwa kampuni hiyo ilianza kuzipa bastola zake namba za modeli mwaka huo.

Angalia pia kama ala imekatwa. Wenye ala wengi walifupisha mdomo wa chini au kutoboa upya ili waingize bastola nyingine. Ukingo uliokatwa baadaye huwa na rangi tofauti na kingo nyingine, na mara nyingi mshono hukatika hapo ghafla badala ya kumalizwa kwa fundo.

Mitindo mikuu ya Marekani ni ipi?

Wa kwanza kujulikana sana magharibi ni ule wakusanyaji wanaouita Slim Jim, wa miaka ya 1850 na 1860. Ni ala nyembamba inayofuata umbo la bastola kwa karibu, ina kitanzi kimoja cha mkanda kilichoshonwa nyuma, na mara nyingi imechorwa maua ya kuzungukana. Ilikatwa kwa ajili ya rivolva za baruti na fataki kama Colt Navy. California ndiko ilikopendwa, kwa hiyo mihuri ya mafundi wa San Francisco kama Main & Winchester si jambo la kushangaza juu yake.

Katika miaka ya 1870 ukaja mtindo wa vitanzi vya Kimeksiko. Ngozi moja pana hukunjwa nyuma, kisha mwili wa ala hupitishwa kwenye mipasuko iliyokatwa kwenye mkunjo huo. Kuna kitanzi kimoja, viwili au vitatu, kadiri ya urefu wa mtutu. Haukuhitaji kitanzi cha kushonwa, ulidumu, na ukipanda farasi bastola ilizama ndani ikatulia. Huu ndio mtindo wa kweli wa wachunga ng'ombe, na F. A. Meanea wa Cheyenne, Wyoming, ni miongoni mwa mafundi wanaotafutwa zaidi kwa ala hizo.

Karne ya 20 ilileta mahitaji ya polisi. Tom Threepersons, askari wa El Paso, Texas, alihusishwa na muundo uliokatwa sana juu: kifyatulio kiko wazi, nyundo iko wazi, na ala imeinamishwa ili mpini uelekee mbele kidogo. S. D. Myres wa El Paso aliutengeneza, na baada yake karibu kila kiwanda kiliuiga. Miaka ya 1930 Berns-Martin wa Calhoun City, Mississippi, walitoa ala iliyo wazi upande wa mbele na kushikwa na springi, ambayo bastola haivutwi kwenda juu bali husukumwa mbele. Ukiiona mara moja huwezi kuichanganya na nyingine.

Na ule mkanda mzito uliotobolewa ili ala ining'inie chini kabisa ya nyonga, umefungwa kamba pajani? Huo ni wa karne ya 20. Watu wengi huuziwa kama wa miaka ya 1870 kwa sababu ndivyo sinema zilivyowazoesha, na inasikitisha kuona fedha za mtu zikipotea kwa jambo linaloweza kujulikana kwa kutazama picha chache za kweli za karne ya 19. Katika picha hizo ala iko juu, kwenye mkanda wa kiuno.

Muhuri wa fundi uko wapi, nao unasomwaje?

Tafuta kwanza nyuma ya kitanzi cha mkanda, kisha usoni karibu na mdomo wa juu, halafu ndani ya mkunjo wa nyuma. Muhuri uliofifia hausomeki kwa mwanga wa moja kwa moja. Zima taa ya chumba, weka tochi ubavuni karibu kabisa na ngozi ili mwanga ulale, upige picha kadhaa ukibadilisha upande wa tochi. Usipake chaki wala unga wa penseli ili herufi zijitokeze, maana unga huo hautoki tena.

Ukishapata jina, mji ndio wenye thamani kubwa kuliko jina lenyewe. Mafundi walihama, na mihuri ikabadilika pamoja nao. Myres alifanya kazi Sweetwater kabla ya El Paso, hivyo muhuri wa Sweetwater ni wa zamani zaidi. Bianchi, fundi mwingine wa ala, aliandika Monrovia kabla ya kuhamia Temecula, California, miaka ya 1970. Biashara ya George Lawrence huko Portland, Oregon, ina mizizi tangu 1857, lakini jina la George Lawrence Co. ni la kuanzia 1893. Kwa hiyo "1857" iliyopo kwenye tangazo si tarehe ya ala yako.

Anwani pia husaidia. Marekani ilianza kutumia namba za posta za ZIP, zenye tarakimu tano, tarehe 1 Julai 1963. Muhuri au lebo yenye namba hiyo ni ya baada ya siku hiyo, na hakuna maelezo ya muuzaji yanayoweza kubadilisha hilo.

Herufi na namba nyingine kwa kawaida ni namba ya katalogi pamoja na alama ya bastola na urefu wa mtutu. Kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Ziandike zote zilivyo, hata zile zinazoonekana hazina maana, kwa sababu ukipata katalogi ya kiwanda hicho ndizo zitakazokupeleka kwenye ukurasa unaoutaka.

Haina muhuri kabisa. Nimekwama?

Hapana. Maduka makubwa ya kuuza kwa posta, Sears, Roebuck na Montgomery Ward, yaliuza ala nyingi zisizo na jina la fundi, na michoro yake imo katika katalogi zao za kila mwaka. Linganisha idadi ya vitanzi, mstari wa pambo kando ya ukingo na umbo la ncha ya chini.

Lakini tambua jambo moja: baada ya Vita vya Pili vya Dunia ufundi wa ngozi wa nyumbani ulienea sana Marekani, na kampuni kama Tandy ziliuza vifurushi vya ngozi iliyokwisha kukatwa, tayari kushonwa na kuchorwa. Ala isiyo na jina, yenye maua mengi na mshono wa kusitasita, mara nyingi ilitengenezwa na baba wa familia mezani kwake katika miaka ya 1950. Ina hadhi yake, ila si ya enzi za Colt Navy. Maua madogo yaliyobanana, kila moja ndani ya duara la shina lake, ni mtindo wa Sheridan, Wyoming, ulioenea baada ya vita hivyo.

Vifungo, ribiti na uzi vinasema nini kuhusu umri?

Vinasema mengi, na havidanganyi kirahisi kama rangi ya ngozi. Kifungo cha kubonyeza kilipewa hataza (haki ya mvumbuzi, kwa Kiingereza patent) Ulaya katikati ya miaka ya 1880, basi ala ya "1865" yenye kifungo hicho ama si ya 1865 ama ilifungwa kifungo baadaye. Kagua tundu: kifungo cha asili kilikaa tangu ngozi ikiwa mpya, kwa hiyo ngozi inayokizunguka imebonyea na kuwa nyeusi sawasawa.

Uzi wa zamani ni wa kitani uliopakwa nta. Nailoni ilitangazwa 1938, kwa hiyo haina nafasi kwenye mshono wa asili wa kabla ya hapo. Tumia tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Dawa za kung'arisha weupe katika nyuzi na vitambaa zilienea baada ya Vita vya Pili, na hung'aa rangi ya samawati kali chini ya mwanga huo. Uzi ukiwaka hivyo, ama ala ni ya karibuni ama imeshonwa upya. Ili kutofautisha, tazama matundu: ukishona upya kwenye matundu ya zamani, uzi huwa safi kuliko mfereji uliolalia.

Ngozi yenyewe? Ala nzuri zilitengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyosindikwa kwa magome ya miti, maana hiyo hulowekwa, hufinyangwa na ikikauka hubaki na umbo. Ni kazi ileile inayofanywa na magome ya muwati kama ule wa Njombe. Usindikaji kwa kromiamu ulianza kibiashara baada ya hataza ya Augustus Schultz ya 1884. Ngozi ya kromiamu ni laini, haishiki umbo vizuri, na ukiangalia ukingo uliokatwa mara nyingi utaona rangi ya kijivu au ya samawati katikati.

Kuna namba ya hataza. Naitumiaje?

Hii ni zawadi. Hataza za Marekani zina namba zinazofuatana, na zinasomeka bure mtandaoni pamoja na michoro yake. Namba 1,000,000 ilitolewa Agosti 1911, namba 2,000,000 Aprili 1935, na namba 3,000,000 Septemba 1961, kwa hiyo hata kabla ya kutafuta unajua uko muongo gani. Wakati huo hataza ilidumu miaka 17. Tarehe iliyopigwa kwenye ngozi ni ya hataza, wala si ya ala: ala inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baada ya hapo. Maneno yanayosema hataza inasubiriwa, bila namba, huonyesha kipindi kifupi na kwa hiyo ni ya manufaa zaidi.

Nitaitambuaje ala ya kijeshi ya Marekani?

Rivolva za M1917, za Colt na Smith & Wesson, zilibebwa mpini ukielekea mbele, desturi iliyotoka kwa askari wa farasi. Usidhani ni ala ya mtu wa mkono wa kushoto. Nyuma utakuta mtengenezaji, kwa mfano Rock Island Arsenal au Graton & Knight wa Worcester, Massachusetts, pamoja na mwaka na herufi za jina la mkaguzi. Ngozi nyeusi ya asili huelekeza karne ya 19. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 jeshi lilihamia rangi ya kahawia nyekundu.

Na ile ya Mwingereza iliyobaki nyumbani kwa babu?

Hapa mhuri wa kutafuta ni mshale mpana wa serikali, mistari mitatu inayokutana juu mithili ya unyayo wa kuku. Ukiwa peke yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C ni ya Kanada. Ndani ya U ni ya Muungano wa Afrika Kusini, ulioundwa 1910. Ukiwa kati ya D mbili ni ya Australia. Ukiwa na herufi I ni ya India. Mishale miwili iliyogusana kwa ncha maana yake kifaa kilitolewa rasmi kwenye hesabu za jeshi na kuuzwa.

Alama za U na I zinastahili kuangaliwa kwa makini hapa kwetu. Vikosi vya India na Afrika Kusini vilipigana Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na Waafrika Kusini walirudi Kenya mwaka 1940 kwenda kuwakabili Waitaliano. Ngozi nyingi ya jeshi la India ilitoka Kanpur, ambao wakati huo uliandikwa Cawnpore, na jina hilo huonekana kwenye mihuri.

Maafisa hawakupewa kila kitu na jeshi, walijinunulia. Ala ya afisa, inayoning'inia kwenye mkanda wa Sam Browne, huwa na kifuniko kinachoziba mpini na mara nyingi ina jina la duka la London badala ya mshale. Mkanda huo unaitwa kwa jina la Jenerali Samuel Browne, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani India mwaka 1858. Kama kuna jina au herufi zilizoandikwa kwa wino chini ya kifuniko, usizifute kamwe. Zinaweza kulinganishwa na orodha za maafisa katika National Archives, London, na ni mojawapo ya njia chache za kuirudisha ala kwa mtu halisi.

Za Wajerumani hubeba jina la fundi na mara nyingi muhuri wa bohari ya mavazi ya jeshi: herufi B.A., namba ya kikosi, na mwaka.

Muuzaji anasema ilifukuliwa Salaita. Niamini?

Mapigano ya Salaita, karibu na Taveta, yalikuwa kweli, Februari 1916. Lakini ngozi iliyolala kwenye udongo ule kwa zaidi ya miaka mia, pamoja na mchwa na misimu ya mvua, haitoki ikiwa na rangi na mshono. Bizimu na ribiti za shaba zinaweza kubaki. Ala nzima yenye hadithi hiyo haikuzikwa, na yeyote anayeiuza kwa hadithi hiyo anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Nitajuaje kama ni ya kughushi au nakala?

Nakala nyingi za ala za Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia zinatengenezwa leo kwa ajili ya wacheza maigizo ya historia. Hazina ubaya, mpaka pale mtu anapozizeesha kwa chai, mafuta ya gari na msasa. Uchakavu wa kweli una sababu. Kitanzi cha mkanda hulegea kwa juu, pale uzito unaponing'inia. Upande wa mwili hung'aa kwa msuguano wa nguo, na upande wa nje hukwaruzika. Mdomo wa juu hulainika pale kidole kilipozoea kupita. Uchakavu wa kughushi huenea kila mahali kwa kiasi kilekile, hata kwenye kona ambazo hakuna kitu kingeweza kuzigusa.

Ndani ndiko kunakosema ukweli. Ala isiyo na alama yoyote ya silinda haijawahi kubeba bastola. Nusa pia: harufu ya rangi ya dukani haiendani na miaka themanini. Na muhuri uliopigwa juu ya ngozi iliyokwisha kupasuka hukata nyufa. Muhuri wa asili hupasuka pamoja na ngozi.

Ala yangu ni ndogo na ina vito vya kioo. Ni ya nini?

Ni ya bastola ya kuchezea. Miaka ya 1950, televisheni ya Marekani ilipojaa wachunga ng'ombe, watoto walinunuliwa ala kama hizo kwa wingi. Ngozi ni nyembamba, na pengine ina kadibodi ndani. Wapo wanaozikusanya kwa mapenzi makubwa, na wana haki.

Niisafishe? Niipake mafuta?

Usipake mafuta. Naliandika hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linaloharibu ala nyingi kuliko wadudu na unyevu. Mafuta ya kwato, sabuni ya matandiko na rangi ya viatu huifanya ngozi iwe nyeusi, huganda ndani ya nyuzi zake kadiri miaka inavyokwenda, na huzika ushahidi wote tuliozungumza hapo juu. Brashi laini na kitambaa kikavu vinatosha.

Uchafu wa kijani unaozunguka ribiti ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Uondoe kwa kijiti cha mbao, taratibu. Ngozi inayotoa vumbi jekundu mkononi imeoza kwa asidi, hasa za mwisho wa karne ya 19, na hali hiyo hairudi nyuma. Mhifadhi wa makumbusho anaweza tu kuishika isiendelee kumomonyoka. Pwani, ambako ukungu hupanda kwenye viatu ndani ya wiki, iweke mahali penye hewa, mbali na ukuta na jua, ndani ya karatasi isiyo na asidi, na ijaze karatasi hiyo ndani ili isibonyee. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Naweza kuhifadhi bastola ndani yake?

Hapana. Asidi na chumvi za ngozi hutia chuma kutu. Na ukikuta ala ya marehemu ikiwa na bastola ndani, usiibebe kuipeleka popote: wajulishe polisi waje. Umiliki wa bastola unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 kwa Tanzania na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa Kenya, na kuwa urithi hakukupi leseni.

Ina thamani gani?

Hutegemea mambo matatu: jina la fundi, hali ya ala, na ushahidi wa nani aliibeba. Ushahidi huo ni wa maandishi, si wa mdomo.

Nitafute wapi kumbukumbu?

Magazeti ya zamani ya Marekani yamewekwa wazi bure na Library of Congress kupitia Chronicling America. Andika jina la fundi pamoja na mji, na utapata matangazo ya duka lake, siku alipohama, hata moto uliounguza ghala. Vitabu vya anwani za miji, vilivyochapishwa karibu kila mwaka, huonyesha duka lilikuwa mtaa gani mwaka gani. Ukikuta mtaa huohuo kwenye muhuri, umebana umri ndani ya miaka michache. Katalogi nyingi za matandiko zimenakiliwa kwenye Internet Archive. Kwa vitu vyenyewe, tazama mikusanyiko ya Autry Museum jijini Los Angeles na Buffalo Bill Center of the West huko Cody, Wyoming. Kwa vya Uingereza, Royal Armouries ya Leeds na Imperial War Museum.

Ukiwaandikia, tuma picha za mbele, nyuma, ndani, ukingo na kila muhuri kwa mwanga wa ubavuni, zikiwa na rula kando. Taja vipimo. Andika hadithi ya familia katika aya yake, ukisema nani aliisimulia na lini, mbali na yale uliyoyaona wewe kwenye ngozi, ili anayekujibu aweze kuyapima mawili hayo kila moja peke yake.